Bibi wa Daftari: Matumizi yamekua, ya nani?

Barua za mwezi huu nyingi zimezunguka jambo moja. Wasomaji wamesikia redioni kwamba matumizi ya kaya kwa kila mtu nchini yameongezeka, wakaangalia jikoni kwao, wakaona hayafanani. Kwa wasionijua: nilikuwa mdadisi wa tafiti za kaya hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mkekani na wenye nyumba na kuandika kila kilichonunuliwa, kilichotoka shambani na kilicholiwa. Nimechagua barua sita, na baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinastahili.

Shikamoo Bibi. Nakaanga samaki na kuuza jioni karibu na Soko la Mgandini. Wamesema matumizi ya kila mtu yamekua. Bibi, wateja waliokuwa wakichukua tasi mzima sasa wananiomba niwakatie nusu. Mimi mwenyewe sukari nanunua robo, mafuta ya kupima. Hayo yaliyokua yamekua wapi?
*Mkaanga samaki, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Unachokiona kwenye karai lako ni kweli, na kilichosomwa redioni kinaweza kuwa kweli pia. Ngoja nikueleze namba ile inavyopatikana, kisha tuone inapita wapi bila kukugusa.

Wataalamu huanza na jumla ya matumizi ya kaya zote nchini kwa mwaka: chakula, nguo, nauli, dawa, vocha, mkaa, pango la nyumba, ada, hata gari la kutembelea. Kwa nchi yetu jumla hiyo ni zaidi ya nusu ya pato la taifa. Kisha huondoa kupanda kwa bei, kwa kuthamini vitu vyote kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, ambao wenyewe huuita mwaka wa kizio. Kwetu, katika hesabu za pato la taifa, mwaka huo ni 2015. Halafu hugawa kwa idadi ya watu. Kinachobaki hulinganishwa na cha mwaka uliotangulia, na tofauti yake ndiyo uliyoisikia.

Hatua hizo mbili, ya bei na ya vichwa, hula sehemu kubwa. Tuseme fedha zote zilizotumika zimepanda kwa asilimia 10. Bei nazo zimepanda kwa asilimia 4, na watu wameongezeka kwa asilimia 3.2. Ukishatoa vyote viwili, kila mtu amebaki na nyongeza ya asilimia 2.5 hivi. Hiyo 3.2 si ya kubuni. Sensa ya 2012 ilituhesabu Watanzania 44,928,923, na ya 2022 ikatukuta 61,741,120, maana yake tumekuwa tukiongezeka kwa kasi hiyo kila mwaka. Mkoa wetu wa Tanga ulitoka watu 2,045,205 ukafika 2,615,597. Kwa hiyo mtu akikutajia ukuaji wa matumizi, kwanza muulize kama ameshaondoa bei, na kama ameshagawa kwa vichwa. Wengi wanaobishana vijiweni hawajafanya hata kimoja.

Sasa tuje kwenye karai lako. Namba hiyo ni wastani. Chukua watu kumi wa mtaa mmoja Makorora, kila mmoja anatumia shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwaka unaofuata mmoja wao mambo yamemnyookea, anatumia 200,000. Tisa waliobaki wameshuka, kila mmoja 98,000. Jumla ni 1,082,000, na wastani umepanda kutoka 100,000 hadi 108,200. Redio itasema matumizi yamekua kwa asilimia 8.2, na haitakuwa imedanganya. Lakini wateja wako ni wale tisa.

Mimi naamini, na nimeshalisema hili mbele ya wakubwa zangu kazini, kwamba namba ya wastani haifai kusomwa peke yake hadharani. Isomwe pamoja na habari ya walio chini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Katika miaka hiyo pato la taifa lilikuwa likikua kwa asilimia 6 hivi kila mwaka. Umaskini umepungua, ndiyo, lakini kwa mwendo mdogo sana ukilinganisha na mwendo wa uchumi. Na mstari wenyewe katika utafiti huo wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani 1,644 kwa siku. Hapo ndani mna chakula, sabuni, nguo, nauli, kila kitu. Anayevuka mstari huo kwa shilingi 100 hahesabiwi maskini, lakini wewe na mimi tunajua anaishi vipi.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo ni bei ya kupima. Umeandika kwamba unanunua mafuta ya kupima. Tuseme lita nzima ni shilingi 6,000, na kipimo cha 500 kina mililita 60. Ukinunua kwa vipimo mpaka lita itimie, umetoa zaidi ya 8,300. Mwenye uwezo wa kutoa 6,000 kwa mara moja analipa kidogo kuliko wewe kwa mafuta yaleyale. Mkaa wa kopo na mkaa wa gunia ni vivyo hivyo, na sabuni ya kipande, na mchele wa robo. Mfumuko wa bei unaotangazwa ni mmoja kwa Tanzania Bara nzima: asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023, 3.1 mwaka 2024. Kikapu chake kimepimwa kwa matumizi ya wote, na aliyetumia zaidi ana uzito zaidi ndani yake. Bei ikipanda kwenye unga na mafuta wakati simu na samani zimetulia, kikapu cha taifa kitasogea kidogo na chako kitasogea sana, kwa sababu wewe hununui samani.

Mjerumani mmoja, Ernst Engel, aliligundua hili mwaka 1857 alipochunguza bajeti za familia: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Hakuna nchi ambayo imemwonesha kakosea. Mwanangu, katika miaka yangu ya kazi, nilikuwa nikiangalia sehemu hiyo kabla ya kuangalia jumla. Kaya inayotumia 400,000 na chakula kikachukua 280,000 ina hali ngumu kuliko inavyoonekana kwenye jumla. Wateja wako wanaogawana tasi wanalinda fedha ya kitu kingine: pango, dawa au daftari la mtoto. Usiwachukulie kwamba wamekuhama. Kata vipande vidogo, na bei yake iwe ya haki.

Bibi, mimi ni fundi mwashi, naishi Pongwe. Nimepata kiwanja, na mwaka mzima tumejibana: nguo hatujanunua, nyama ni sikukuu tu, kila senti ni saruji, tofali na nondo. Mwenzangu mmoja msomi akaniambia familia zinazobana kama yangu ndizo zinazorudisha nyuma ukuaji wa matumizi. Nimekasirika. Je, saruji siyo matumizi?
*Fundi, Pongwe*

Katika hesabu hii, siyo. Kujenga nyumba au kununua nyumba kumewekwa upande mwingine kabisa, upande wa ukuzaji rasilimali, pamoja na barabara, mashine na majengo ya viwanda. Ukinunua mfuko wa saruji wa kujengea, uchumi unakuhesabu kama mwekezaji. Ukinunua kilo ya nyama, unakuhesabu kama mlaji.

Ndiyo maana mwenzako ameiona sura ya namba akakosa kilicho ndani yake. Kaya yako kwenye daftari langu ingeonekana matumizi yameshuka, wakati mali yenu inapanda mkanda kwa mkanda. Tanga tunajenga hivyo, polepole, tofali zikipangwa uani miaka miwili kabla ya msingi kuchimbwa. Mtu akiamua kubana ili ajenge, namba ya matumizi kwa kila mtu inashuka. Mtu mwingine akiuza kiwanja cha urithi akanunua nguo na kufanya harusi kubwa, inapanda. Nani kati yao amefanya vyema, takwimu haisemi.

Ukishahamia, kuna jambo litakalokushangaza. Ingawa hutamlipa mtu pango, hesabu za taifa zitakukadiria pango, kana kwamba unajipangisha nyumba yako mwenyewe, na pango hilo litaingia kwenye matumizi ya kaya. Wamefanya hivyo ili nchi yenye wapangaji wengi na nchi yenye wenye nyumba wengi ziweze kulinganishwa. Kwa hiyo jasho la leo litakuja kuonekana kwenye matumizi, ila kidogo kidogo, kila mwaka utakaoishi mle.

Nina neno moja tu, na nakuambia kama mama yako. Nguo zinangoja, nyama inangoja. Lakini watoto wasikae siku nyingi kwenye ugali na mchuzi mtupu. Dagaa, maharage au yai viwepo. Ukuta unaweza kusimama ulipofika mpaka mwezi ujao, na mtoto anakua mwezi huu.

Assalaam alaykum Bibi. Sisi wa Tongoni, mhogo nachimba wangu, nazi naangua zangu, kisamvu kipo uani, kuni naokota na maji nateka. Fedha inapita mkononi kwa nadra. Je, nimo katika hayo matumizi, au nahesabiwa kichwa tu wakati wa kugawa?
*Mama wa watoto watano, Tongoni*

Wa alaykum salaam mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu umegusa pale ambapo mdadisi mwenye haraka huharibu kazi.

Umo. Mhogo uliochimba ukala unahesabiwa kama umeununua, kwa bei ambayo ungeuuza pale shambani. Nazi hali kadhalika. Hata kuni ulizookota na maji uliyobeba, kanuni za Umoja wa Mataifa za hesabu za taifa zinasema viingizwe, kwa sababu ni vitu ulivyovizalisha kwa mikono yako. Taabu iko kwenye kuviandika. Nikiuliza "jana mlikula nini?" mama ananitajia sukari, chumvi na dagaa, vile alivyotolea fedha. Bada lenyewe, yaani ugali wa mhogo, hatalitaja, kisamvu hatakitaja, nazi aliyokuna hataitaja, kwa kuwa kwake hivyo ni vya nyumbani tu. Ilinibidi niulize chombo kwa chombo: nini kilikuwa kwenye chungu, kilitoka wapi, kilikuwa kiasi gani. Usipouliza hivyo, unaandika kwamba watu wa Tongoni wameshinda na chumvi.

Ambacho hakimo ni kazi yako ya kupika, kufua, kulea na kuuguza. Hapo kanuni zimechora mstari. Ukimwajiri dada wa kazi ukamlipa, mshahara wake ni matumizi ya kaya na uchumi umekua. Ukiifanya mwenyewe, ni sifuri. Sikubaliani na mstari huo, na si mimi wa kwanza. Miaka ya 1940 mwanauchumi mmoja wa Uingereza, Phyllis Deane, alitumwa kupima mapato ya makoloni ambayo sasa ni Zambia na Malawi. Alitembelea vijiji, akaona jinsi wanawake wanavyofanya kazi, akadai kwamba kuokota kuni na kuandaa chakula navyo viingie kwenye pato la nchi. Kuni ziliingia. Chungu kilichokaa juu ya kuni hizo mpaka leo kimebaki nje, na aliyekipika ni mwanamke.

Angalia jambo hili pia. Siku mkihama mkaja kupanga Mabawa au Duga, mhogo uleule mtaununua sokoni, na ndani ya bei yake mtakuwa na nauli ya gari na faida ya mchuuzi. Kwenye karatasi matumizi yenu yatakuwa yamekua. Sahani inaweza kuwa ileile, au ndogo zaidi. Vijana wetu wengi wanatoka vijijini kuja mjini, na sehemu fulani ya ukuaji tunaousikia ni hao: wameacha kula vyao, wameanza kununua.

Bibi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 6, mchepuo wa uchumi. Tumefundishwa kwamba Tanzania ni nchi ya uchumi wa kati tangu 2020. Sasa kati ya pato kwa kila mtu na matumizi ya kaya kwa kila mtu, ni kipi kinachopima maisha ya watu?
*Mwanafunzi, Chumbageni*

Matumizi yanakaribia zaidi, lakini nayo yana mapengo.

Benki ya Dunia ilituweka kwenye uchumi wa kati wa chini tarehe 1 Julai 2020, kwa kuwa pato kwa kila mtu la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa kuingia ulikuwa 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Pato hilo lina kila kitu ndani yake: kilichowekezwa, kilichotumiwa na serikali, kilichouzwa nje. Tazama hapa kwetu. Bandari imechimbwa kina kirefu zaidi ili meli kubwa zitie nanga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kazi hizo zinaingia kwenye pato la taifa zinapojengwa. Kwenye matumizi ya kaya zinaingia tu pale kibarua anapolipwa akanunua mchele, au mama lishe anapouza sahani nyingi zaidi. Kama mitambo na mafundi vimetoka nje, sehemu kubwa ya fedha haipiti mtaani kabisa.

Pengo la matumizi ni hili. Ada ya sekondari ya serikali ilipofutwa mwaka 2016 kwa kidato cha 1 hadi cha 4, na 2022 ikafutwa kwa cha 5 na cha 6, wazazi waliacha kulipa. Fedha hiyo ilitoka kwenye matumizi ya kaya ikahamia kwenye matumizi ya serikali. Wewe unasoma, mzazi wako amepumua, na namba ya matumizi ya kaya haikuongeza kitu kwa hilo. Ndiyo maana wataalamu wana kipimo kingine (kwa Kiingereza, actual individual consumption) kinachojumlisha na huduma za elimu na afya ambazo serikali inamlipia mtu. Kwenye mtihani ukiulizwa, kitaje, wengi hukisahau.

Na Simon Kuznets, aliyewaandalia Wamarekani hesabu za pato lao, aliliambia Bunge lao mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuusoma kutoka kwenye pato peke yake. Yeye ndiye aliyelipima, na yeye ndiye aliyetahadharisha.

Bibi, mume wangu ni mvuvi. Mdadisi alikuja hapa Sahare, akauliza sabuni, vocha, nauli, mpaka kiberiti. Habari ya mume wangu anapata kiasi gani haikumchukua muda mrefu. Mbona mnafukua ya matumizi? Na hizo habari zetu zinakwenda kwa nani?
*Mke wa mvuvi, Sahare*

Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inafanya kazi kwa Sheria ya Takwimu, na sheria hiyo inakataza kutoa habari za mtu au kaya kwa namna itakayomtambulisha. Mdadisi aliyekuja kwako hana ruhusa ya kumsimulia jirani yako wala mtoza ushuru.

Sasa hilo la matumizi. Mume wako anapata kiasi gani? Hata yeye hawezi kukujibu kwa namba moja. Anayevua dagaa kwa taa anategemea giza, na mbalamwezi ikiwa kali anakaa nchi kavu kushona nyavu. Kusi likichachamaa, vyombo vidogo havitoki. Kuna usiku analeta fedha ya wiki nzima na kuna wiki analeta samaki wa mboga tu. Nikichukua mapato yake ya jana nikayaita mapato yake, nimeandika uongo. Lakini wewe jikoni unasawazisha. Siku ya neema unalipa deni dukani na kuweka unga, siku ya dhiki unachota. Matumizi yako yanatulia kuliko mapato yake, na ndiyo maana yanatupa picha ya kweli zaidi ya mnavyoishi. Kwa sababu hiyohiyo utafiti mkubwa wa kaya huendeshwa miezi 12, ili uwakute wavuvi kusi na kaskazi, na wakulima njaa na mavuno.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Kuna namba mbili za matumizi. Moja inatoka kwenye madaftari ya wadadisi. Nyingine inatoka kwenye hesabu za taifa, na katika nchi nyingi hiyo hupatikana kwa kutoa: wanachukua jumla ya vitu vilivyozalishwa na kuingizwa nchini, wanaondoa vya serikali, vya uwekezaji na vilivyouzwa nje, kinachobaki wanasema ni cha kaya. Makosa yote ya hesabu nayo yanabaki humo. Angus Deaton, aliyetunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2015 kwa uchambuzi wake wa matumizi na umaskini, alionesha kwamba namba hizi mbili hazisemi kitu kimoja, na katika nchi nyingi ile ya hesabu za taifa hukua haraka kuliko ile ya madaftari.

Sababu mojawapo naijua kwa miguu yangu. Nilipokuwa kazini, watu wa Sahare mlinifungulia mlango, mkaniwekea na chai. Kwenye nyumba zenye mageti marefu nilijibiwa na mlinzi kwamba mwenyewe hayupo, na kesho yake hayupo, na kesho kutwa hayupo. Walio nacho hukwepa daftari. Kwa hiyo matumizi yao yanaonekana kwenye bidhaa zilizoshushwa bandarini, kwenye daftari langu hayaonekani. Dada yangu, ulipojibu habari ya kiberiti ulifanya kazi kubwa. Namba ya umaskini nchini mwetu imejengwa kwa majibu ya wanawake kama wewe.

Bibi, nimechukua friji dukani kwa mkopo, nalipa kila wiki. Mume wangu ananisema. Nami nimemwambia nimekuza uchumi. Nani mkweli? Na je, nawezaje kujua kama matumizi ya nyumba yangu yamekua kweli?
*Muuza barafu na ubuyu, Mikanjuni*

Umekuza matumizi, ndiyo, kwa kadiri friji linavyotumika nyumbani; sehemu inayofanya kazi ya barafu ni uwekezaji. Bei yake yote inahesabiwa siku lilipoingia nyumbani, hata kama utalilipa mwaka mzima. Deni halionekani kwenye namba hiyo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi ninapoona watu wanachukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, kununua chakula. Matumizi yanapanda leo, na miezi inayofuata sufuria inapungua kulipa riba. Wewe friji linakuuzia barafu, hivyo hali yako ni nyingine. Muoneshe mume wako fedha ya barafu ya wiki na marejesho ya wiki, mziweke pamoja mbele yenu. Kama barafu inazidi, amalize maneno.

Kuhusu kujipima, nunua daftari la kawaida. Andika kila siku kabla ya kulala, si mwisho wa wiki, kwa sababu vitu vidogo husahaulika na vitu vidogo ndivyo vingi. Andika na vya bure: samaki mliopewa, maembe ya mjomba kutoka Muheza, yote kwa bei ya soko ya siku hiyo. Marejesho ya mkopo yaandike ukurasa wa peke yake, usiyachanganye na chakula. Mwezi ukiisha, jumlisha, gawa kwa watu waliokula nyumbani, halafu tafuta sehemu iliyokwenda kwenye chakula. Na kiasi, usiandike fedha tu. Andika kilo ngapi za unga, samaki wangapi, maziwa kiasi gani. Mwakani fedha zikiwa zimepanda na kilo zimeshuka, utajua ni bei iliyokua.

Angalia jambo moja mnapolinganisha. Ramadhani inasogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, na kwa nyumba zetu matumizi ya mwezi huo hayafanani na mwezi mwingine wowote: tende, tambi, magimbi, nazi nyingi, wageni wa futari, kisha nguo za Idi. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka mwingine unaweza kudhani mmetajirika au mmefilisika, kumbe ni mfungo umehama. Linganisha Ramadhani kwa Ramadhani, na miezi mingine kwa mingine. Anza na mwezi huu ulioko, hata kama umebaki nusu.